Nini Kimeniingia? Swali la Shangazi na Protini Moja ya Golgi

Mgeni rasmi, wakufunzi wenzangu, wazazi na walezi mliotoka Muheza, Pangani, Korogwe na hapa hapa mjini Tanga, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa uuguzi, utabibu na maabara, hamjambo?

Nimeombwa niwazungumzie protini moja. Jina lake limekaa kama namba ya gari: GOLPH3. Maabara tunaitamka golfu-tatu. Wazazi msiwe na wasiwasi, sitaandika kanuni yoyote ubaoni. Ombi hili nimelikubali kwa sababu ya swali nililoulizwa mwaka 2009, nikiwa nimekaa pale mlipokaa ninyi vijana, na nikalijibu vibaya. Jibu lile sijalisahau hata siku moja.

Aliyeuliza ni shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, na ulipogundulika ulikuwa umeshafika kwapani. Miezi michache kabla ya hapo bundi alikuwa amehamia kwenye paa la nyumba yake. Mnajua wenyewe mtaa unavyosema bundi akilia juu ya nyumba. Vijana walimfukuza kwa mawe, wakabomoa na kiota. Shangazi alipopata majibu ya hospitali, hakuna jirani aliyeuliza chanzo. Kwao chanzo kilishajulikana, kilikuwa na mabawa.

Nilimkuta wodini ametundikiwa dripu ya rangi nyekundu, nyekundu ya sharubati ya rozela. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma mambo haya. Niambie kweli, nini kimeniingia?" Nami nikamjibu kama nilivyofundishwa darasani: "Hakuna kilichoingia, shangazi. Ni seli zako zenyewe zimeasi. Mwili wako umekugeuka." Alinyamaza. Akaivuta kanga yake hadi kidevuni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimeukosea nini?"

Sikuwa na la kusema. Alifariki mwaka 2011. Leo nataka nilijibu swali lake kama nilivyopaswa kulijibu, kwa sababu ninyi mtaulizwa hilo hilo, tena na watu wenye hofu kuliko mnavyodhani.

Nianze na bundi, maana bundi naye ana sehemu yake humu.

Nchini Italia, katika mji wa Pavia, alikuwako daktari aliyeitwa Camillo Golgi. Mwaka 1873, akiwa daktari katika hospitali ndogo ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona huko Abbiategrasso, alijifungia kwenye jiko alilolifanya maabara, akagundua namna ya kupaka rangi vipande vya ubongo. Alivilowesha kwanza katika chumvi ya kromu, kisha katika nitrati ya fedha. Fedha iliganda ndani ya seli chache tu, labda moja kati ya nyingi mno, lakini hizo chache zilijitokeza nyeusi tii juu ya usuli wa njano, na kila tawi lake likaonekana. Seli zote zingeshika rangi, angeona giza tupu.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1898, alikuwa akichungulia seli kubwa za ubongo wa nyuma wa bundi. Ni bundi yule wa uso mweupe wenye umbo la moyo, jamii moja na hawa wanaolala kwenye mapaa na minara yetu. Ndani ya seli, pembeni ya kiini, akaona kitu kama wavu mweusi uliojikunja. Hakuna aliyekuwa amekieleza wazi namna ile kabla yake. Alikiita wavu wa ndani, nasi leo tunakiita Golgi. Watu walimbishia. Kwa zaidi ya nusu karne wapo wataalamu waliosema kwamba wavu ule ni uchafu wa dawa za kupakia rangi, haupo kwenye seli hai. Ubishi uliisha miaka ya 1950, hadubini ya elektroni ilipoonyesha wazi vifuko bapa vilivyopangana kama chapati kwenye sahani.

Kabla sijaendelea, Golgi huyu ana undugu na sisi kwa njia nyingine pia. Mwaka 1885 na 1886 aliwafuatilia wagonjwa wa malaria wa Pavia, akaonyesha kwamba homa inapanda saa ile ile ambapo vimelea wanapasua chembe nyekundu za damu kwa pamoja: kila saa 48 kwa aina moja, kila saa 72 kwa aina nyingine. Malaria iliyozoeleka huku kwetu haifuati saa kwa uaminifu namna hiyo, lakini kila mtu aliyewahi kutetemeka chini ya blanketi mchana wa jua kali anaujua mlango ambao Golgi aliufungua. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1906, kwa kazi yake ya mfumo wa neva.

Sasa, Golgi ni kitu gani, na inafanya nini?

Nendeni stendi, kwenye ofisi ya vifurushi ya kampuni yoyote ya mabasi, saa kumi na moja alfajiri. Mama analeta boksi la machungwa, fundi analeta injini ya pikipiki imefungwa kwenye gunia, mwingine ana bahasha ya vyeti. Karani anapokea, anapima, anaandika kwa kalamu ya wino mzito jina, namba ya simu na kituo cha kushushia. Hale kando, Segera kando, Chalinze kando, Dar kando. Kuli anasubiri karani amalize ndipo abebe. Gunia lisiloandikwa halibebwi. Likibebwa kwa bahati mbaya, linashushwa popote.

Ndiyo Golgi hiyo. Protini zinatengenezwa upande wa ndani wa seli, zinafika Golgi zikiwa bado hazijakamilika. Zinapita fuko hadi fuko, na kila fuko lina vimeng'enya vyake: kimoja kinakata sukari, kingine kinaongeza sukari, kingine kinabandika alama. Mwisho wa safari zinapakiwa kwenye vifuko vidogo na kupelekwa zinakotakiwa: nyingine kwenye utando wa nje wa seli, nyingine nje kabisa, nyingine kwenye jalala la seli, yaani laisosomu, kwenda kufanya kazi ya kusaga taka.

Wazazi, kila mmoja wenu mwenye kadi ya damu anatembea na kazi ya Golgi mfukoni. Kundi A na kundi B zinatofautiana kwa sukari moja tu ya mwisho, na kimeng'enya kinachoibandika sukari hiyo kinafanya kazi yake ndani ya Golgi. Mwenye kundi O, kimeng'enya chake hakifanyi kazi, basi mnyororo wa sukari unaachwa bila nyongeza. Kosa la kumtia mtu damu isiyo yake, kosa linaloweza kuua, linatokana na sukari moja.

Na alama ikikosekana kabisa? Upo ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana, unaoitwa ugonjwa wa seli-I. Watoto wanaozaliwa nao wana vimeng'enya vya kusaga taka, vyote vimetengenezwa vizuri. Kinachokosekana ni ile alama ya fosfati juu ya sukari, inayoandika "peleka laisosomu". Vifurushi visivyoandikwa vinatupwa nje ya seli. Ukipima damu ya mtoto unavikuta vimeng'enya tele, navyo ndani ya seli hamna, taka zimejaa, mifupa na viungo vinakakamaa, na wengi hawavuki utoto. Kiwanda kizima, karani kakosea. Huwa nauwaza ugonjwa huu kila ninaposikia mtu akisema utafiti wa vitu vidogo ni anasa.

Hapo ndipo inapoingia GOLPH3.

Ni protini ndogo, asidi za amino 298, yaani matofali yanayojenga protini. Inakaa juu ya utando wa Golgi, hasa upande wa kutokea mizigo, na inajua pa kukaa kwa kunusa aina moja ya mafuta yaliyo kwenye utando huo, yanayoitwa PI4P. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego lilionyesha kwamba mkono mmoja wa protini hii unashika mafuta hayo, na mwingine unashika protini ya kuvuta iitwayo miosini 18A, ambayo nayo imeshika nyuzi za aktini, yaani kamba za seli. Kamba zinavuta, na utando unanyooka kama chapati inavyosukumwa na mpini. Pembeni unavutika mpaka unachomoa vifuko vya kubeba mizigo. Umbo bapa la Golgi mnaloliona kwenye kila kitabu linatokana na mvuto huo. Ukiiondoa GOLPH3 kwenye seli, Golgi inajikunyata karibu na kiini na mizigo inatoka kwa shida.

Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza nilikaa muda mrefu nimeshika karatasi. Nilikuwa nimezoea kudhani umbo la kitu ndani ya seli ni la kuzaliwa nalo, kama umbo la jiwe. Kumbe linashikiliwa kwa nguvu kila dakika, kama tanga la ngalawa.

Kazi yake ya pili ilionekana kwanza kwenye hamira. Naam, hamira hii hii ya maandazi, ambayo ina protini ya ukoo mmoja na GOLPH3, inaitwa Vps74. Mwaka 2008 ilionekana kwamba hamira isiyo nayo inapoteza vimeng'enya vyake vya kubandika sukari. Badala ya kubaki Golgi vinasombwa na mizigo na kuishia kwenye fuko la taka. Maana yake ni kwamba protini hii inawashika makarani mkono na kuwarudisha kwenye dawati lao kila basi linapotaka kuondoka nao. Mizigo iende, makarani wabaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliunganisha kazi hii na saratani: GOLPH3 inapokuwa nyingi, baadhi ya vimeng'enya vya sukari vinarudishwa kupita kiasi, sukari zinazobandikwa kwenye mafuta ya utando zinabadilika, na seli inasikia wito wa kukua kuliko kawaida.

Hapo nimeshafika kwenye titi la shangazi, au tuseme kwenye vimbe za namna ile.

Mwaka ule ule wa 2009, wakati mimi niko wodini natoa jibu lile, watafiti wa Marekani walichapisha kazi iliyoanzia upande mwingine kabisa. Walikuwa wanatafuta vipande vya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, vinavyojirudia ndani ya saratani. Kipande kimoja kwenye mkono mfupi wa kromosomu namba 5 kilijirudia sana: katika vimbe walizopima, kilizidi kwenye asilimia 56 za mapafu, 38 za ovari, 37 za tezi dume, 32 za matiti na 32 za saratani ya ngozi ya melanoma. Walichuja jeni moja moja za kipande hicho. Iliyobaki mkononi ilikuwa ya GOLPH3. Walipoizidisha kwenye seli, njia ya ishara iitwayo mTOR, inayoiambia seli "chakula kipo, kua", iliwaka zaidi. Na vimbe zenye GOLPH3 nyingi, zilizopandikizwa kwa panya, ziliumia zaidi zilipopewa rapamisini, dawa inayoizima njia hiyo, ambayo asili yake ni bakteria wa udongo uliochotwa kisiwa cha Rapa Nui katikati ya bahari ya Pasifiki miaka ya 1960.

Angalieni vizuri hapa, vijana. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Kwenye vimbe hizo seli ina tatu, nne au zaidi. Protini inayotoka ni ile ile, asidi za amino 298, haijapinda wala haijaoza. Inafanya kazi aliyozaliwa nayo kila mmoja wetu, katika ofisi ambayo bila hiyo maziwa yasingetoka titini wala kingamwili zisingefika kwenye damu. Kilichozidi ni idadi. Ofisi iliyopangiwa makarani wawili imepewa wanane, wote hodari, wote wanaita mabasi, na mizigo inamiminika barabarani usiku na mchana.

Mwili unalijua suala hili la kiasi. Tuna protini nyingine, ndugu wa hii, iitwayo GOLPH3L. Nayo inashika mafuta yale yale ya utando, lakini haishiki miosini. Inakaa kwenye nafasi bila kuvuta, na hivyo inapunguza mvuto wa ndugu yake.

Sasa nirudi kwenye dripu nyekundu.

Dawa ile ni doksorubisini. Mtaitundika wengi wenu. Mtauangalia mshipa kwa makini, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Na mtamwambia mgonjwa mapema kwamba mkojo wake utakuwa mwekundu, asishtuke. Dawa hii inaumiza DNA za seli zinazogawanyika, na tunategemea seli iliyoumia DNA ife.

Mwaka 2014 kundi lile la San Diego lilitazama Golgi za seli zilizopewa doksorubisini. Golgi haikuwa tena pembeni ya kiini. Ilikuwa imetawanyika vipande vipande seli nzima, kama shanga zilizokatika uzi. Walifuatilia sababu. Kipo kimeng'enya ndani ya seli, DNA-PK, ambacho kazi yake ni kugundua DNA iliyokatika. Kikigundua, kinabandika fosfati juu ya GOLPH3. GOLPH3 yenye fosfati inaishika miosini kwa nguvu zaidi, kamba zinavuta kupita kiasi, na Golgi inachanika. Kuchanika huko kunaisaidia seli isife. Katika seli za maabara zilizoongezewa GOLPH3, dawa ilishindwa kuua kama ilivyotarajiwa. Zilizopunguziwa, zilikufa kwa urahisi.

Nani angewaza? Dawa inapiga kwenye kiini, na jibu linatoka kwenye ofisi ya vifurushi.

Nisieleweke vibaya. Kipimo cha GOLPH3 hakifanywi wodini, wala hakuna dawa ya GOLPH3 ya kuandikiwa mgonjwa. Atakayewauzia ndugu zenu chupa ya "kusafisha Golgi" au "kusawazisha protini za seli", mwambieni hapana, na pesa hiyo iwe nauli ya kwenda kliniki. Wala sisemi kwamba shangazi aliuawa na protini hii. Uvimbe wake haukupimwa kwa namna hiyo. Ninachokijua ni kwamba saratani nyingi zinafuata njia ya namna hii: jeni ya kazi halali inaongezeka au inabanwa swichi ikabaki imewaka, mara nyingi kwa makosa ya kunakili yanayotokea seli inapogawanyika, bila mwenye mwili kujua wala kutenda lolote.

Kwa hiyo leo, shangazi akinishika mkono tena, nisingetumia neno kuasi. Muasi ana nia. Seli haina nia na haina kisasi. Ningemwambia hivi: "Shangazi, hakuna kilichokuingia, na hukuukosea mwili wako. Ndani yako wamo wafanyakazi wengi sana, wamekufanyia kazi tangu uko tumboni mwa bibi. Katika kunakili majina yao, mmoja ameandikwa mara nyingi. Anafanya kazi yake ile ile, ila imezidi, na sehemu hiyo imejaa. Dawa hii nyekundu ni ya kuzipunguza seli hizo. Itakuchosha, na nywele zitatoka." Kisha ningenyamaza, nimsikilize. Na kama angeuliza habari za bundi, ningemwambia kwamba bundi ndiye aliyetuonyesha kwanza ofisi hii iliyo ndani ya seli.

Vijana, mtasema wagonjwa hawaelewi mambo haya. Shangazi yangu aliuza samaki wakavu miaka 30. Alituma magunia Arusha na Moshi kila wiki, na aliwahi kupoteza gunia zima kwa sababu karani aliandika Same badala ya Sanya. Angenielewa kabla sijamaliza sentensi.

Wazazi, pale mlangoni tumeweka hadubini mbili. Ya upande wa kulia ina kipande cha neva kilichopakwa fedha, kwa namna ile ile ya mwaka 1873. Msiguse skrubu kubwa, zungusheni ndogo tu, polepole, mpaka doa jeusi lipate kingo. Matawi ya seli mtayaona mara moja. Hadubini ya kushoto ina kipande kilichoandaliwa kuonyesha Golgi yenyewe: tafuteni kiini, kile kiduara cheupe, kisha angalieni pembeni yake, upande wa juu. Kuna kigoda kwa ajili ya watoto. Wazee watangulie.